Jinsi ya kutembelea Stratford-upon-Avon kwa siku moja kiangazi hiki, toka alipozaliwa Shakespeare mpaka kaburini kwake

Sisi tuliosoma Tanzania Shakespeare, yule Mwingereza mwandishi wa tamthilia, tulimjua kwa tafsiri za Mwalimu Nyerere. Baba yangu mdogo alisoma Mabepari wa Venisi shuleni na mpaka leo ana vipande vyake kichwani, so alipokuja kututembelea London hakuuliza Big Ben wala uwanja wa Arsenal, aliuliza tu, "mwanangu, hivi kwao na Shakespeare ni mbali?" Sio mbali, ni kama saa mbili na kitu kwa treni, unaenda asubuhi unarudi jioni. Mimi nimeshaenda mara tatu, mara ya kwanza na marafiki, ya pili na watoto, ya tatu na baba mdogo, na hiyo ya tatu ndio nilielewa mji ule unatakiwa kutembelewaje.

Siri yenyewe ni hii: mji ni mdogo sana, na nyumba aliyozaliwa, shule, nyumba aliyoinunua akiwa na hela, na kanisa alikozikwa, vyote viko karibu kwenye mstari mmoja. Kutoka nyumba ya kuzaliwa mpaka kaburini ni mwendo wa kama dakika 15 mpaka 20 kwa miguu. Kwa hiyo tembea kwa kufuata maisha yake, anza alipoanzia na malizia alipoishia. Mara ya kwanza sisi tulianza kaburini kwa sababu ndio ilikuwa karibu na tulipopaki gari, alafu tukarudi juu tukashuka tena, mpaka saa tisa tumechoka na hatujaelewa chochote.

Hatua ya 1: chagua siku

Kiangazi cha huku ni Juni, Julai na Agosti. Mwishoni mwa Juni jua linazama kwenye saa tatu na nusu usiku, yaani una mwanga mpaka uchoke mwenyewe. Shule zikishafunga mwishoni mwa Julai watu wanakuwa wengi, foleni ndefu, kwa hiyo kama huna watoto wa shule nenda Juni, tena katikati ya wiki. Ijumaa na Jumamosi kuna soko pale Rother Street, zuri kwa kuzungukazunguka. Jumapili mi siishauri sana, treni chache na kanisani asubuhi kuna ibada kwa hiyo kaburi hulioni mpaka baadaye.

Na mvua usiiamini. 1769 mwigizaji maarufu David Garrick aliandaa sherehe kubwa ya siku tatu palepale Stratford kumuenzi Shakespeare, watu wakaja toka London na nguo zao za gharama, mvua ikanyesha mpaka mto Avon ukafurika na maandamano yakafutwa. Ilikuwa Septemba, lakini Julai nayo inaweza kukufanyia hivyohivyo, beba jaketi la mvua hata kama asubuhi jua linawaka.

Hatua ya 2: tiketi, na hakikisha ni Stratford yenyewe

Hapa niwe mkali kidogo kwa sababu nimeona mtu wa familia yetu akipoteza asubuhi nzima. Kuna Stratford ya mashariki mwa London, ile ya michezo ya Olimpiki ya 2012 na ile shopping kubwa. Hiyo siyo. Unayoitaka inaandikwa Stratford-upon-Avon, jina zima, iko Warwickshire. Na mji wenyewe una stesheni mbili, kuna nyingine inaitwa Stratford-upon-Avon Parkway ambayo iko nje ya mji, hiyo ni ya wenye magari, wewe usishuke hapo, baki kwenye treni mpaka mwisho wa reli.

Toka London unapandia Marylebone. Zipo treni chache za moja kwa moja, nyingi unabadilisha njiani kama Leamington Spa au Dorridge, kwa hiyo angalia kwenye programu ya treni umewekewa dakika ngapi za kubadilisha, kama una mzee au kigari cha mtoto usikubali dakika tano. Toka Birmingham ni rahisi zaidi, unapandia Moor Street au Snow Hill na ni chini ya saa moja.

Hela: ukinunua tiketi ya muda usio wa msongamano unalipa kidogo. Mkiwa watu watatu mpaka tisa ulizia GroupSave, wanakata theluthi moja. Wawili mnaosafiri pamoja mara kwa mara mnaweza kuchukua Two Together Railcard, nayo inakata theluthi, na ukiwa na watoto ipo ya familia. Mgeni toka nyumbani naye anaruhusiwa, sio lazima uwe mkaazi. Na kumbuka kumtafsiria mgeni saa, ratiba ikisema 08:10 ni saa mbili na dakika kumi asubuhi, baba mdogo alijiandaa kwa saa nane mchana, tukabaki tunapigiana simu.

Lenga kufika kabla ya saa nne na nusu asubuhi. Nyumba za makumbusho kawaida zinafungua saa nne hivi.

Hatua ya 3: soma kidogo kabla, tena soma kwa Kiswahili

Hii watu wanairuka na mimi naona ndio ya muhimu kuliko zote. Ukienda bila kusoma hata ukurasa mmoja utaona nyumba za zamani zenye mbao nyeusi na kuta nyeupe, utapiga picha, basi. Tafuta tafsiri za Mwalimu. 1963 alitoa Julius Caesar kwa Kiswahili, 1969 akaitoa upya kama Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo ndio akatoa Mabepari wa Venisi. Fikiria, rais wa nchi changa, mambo yote yale mezani, na bado anakaa usiku anatafuta neno. Halafu angalia alivyochagua, jina la Kiingereza linataja mfanyabiashara mmoja wa Venice, yeye akaweka mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Samuel Mushi naye alitafsiri Makbeth 1968 na Tufani mwaka uliofuata. Na 2012 waigizaji wa Kenya walipanda jukwaa la Globe pale London wakacheza Wanawake wa Heri wa Winsa kwa Kiswahili. Kwa hiyo msikubali kujiona wageni waalikwa kule, huyu mtu ameshakaa kwenye lugha yetu zaidi ya miaka 60.

Sisi kwenye treni baba mdogo alisoma kwa sauti ile hotuba ya Antoni mbele ya maiti ya Kaizari, abiria wa kiti cha mbele akageuka akauliza ni lugha gani, tukamwambia, akakaa anasikiliza mpaka tunafika.

Hatua ya 4: mkoba

Jaketi la mvua, viatu vya kutembelea, maji, mafuta ya jua kwa watoto, chaja ya simu, na chakula. Chakula nitakieleza chini.

Hatua ya 5: Henley Street, alipozaliwa

Toka stesheni ni kama dakika kumi kwa miguu. Mtaa wenyewe magari hayapiti, maduka ya zawadi kibao, usianze kununua chochote saa hizi maana utabeba siku nzima.

Tiketi za nyumba hizi nunua mtandaoni siku kadhaa kabla, na angalia ipo tiketi ya pamoja ya nyumba zaidi ya moja. Angalia pia ni zipi ziko wazi msimu huo, maana ni majengo ya zamani na mara nyingine moja inafungwa kwa matengenezo.

Baba yake, John Shakespeare, alikuwa fundi wa glavu za ngozi na ndani kuna karakana imepangwa kama yake, ukiuliza watakueleza ngozi inavyolainishwa na kukatwa. 1552 mzee huyu alipigwa faini ya shilingi moja kwa kuweka jaa la taka hapohapo mtaani. Mi napenda sana hiyo habari, kwa sababu miaka 16 baadaye, 1568, mtu huyohuyo ndiye mkuu wa mji, kama meya hivi. William alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564.

Panda juu kwenye chumba wanachosema ndicho alichozaliwa. Kuna kioo cha dirisha la zamani ambacho wageni walikuwa wanachora majina yao kwa kitu chenye ncha, mwandishi Walter Scott yumo. Nyumba ilinusurika kwa kununuliwa 1847 kwa pauni 3,000 zilizochangwa, mwandishi Charles Dickens akiwa mmoja wa waliohangaika. Ukitoka bustanini, kiangazi mara nyingi kuna waigizaji wamesimama pale, wewe omba tu mchezo unaoujua wakupe kipande. Baba mdogo aliomba Juliasi Kaizari, yule kijana akasema mistari yake kwa Kiingereza, mzee akamjibu kwa Kiswahili cha Mwalimu, walienda hivyo kama dakika tano, watu wakakusanyika, na mimi machozi yalinitoka kabisa. Usiipite ile bustani.

Hapa tumia saa moja na kitu.

Hatua ya 6: shuka High Street mpaka New Place

Njiani utapita Harvard House upande wako wa kulia, jengo la 1596 lenye nakshi nyingi kwenye mbao, lilikuwa la familia ya mama yake John Harvard, yule ambaye chuo cha Marekani kinabeba jina lake. Simama upige picha, endelea.

New Place ni nyumba aliyoinunua 1597 baada ya kupata hela London, mojawapo ya nyumba kubwa kabisa mjini. Na hapa jiandae, nyumba haipo. 1759 mwenye nyumba wa wakati huo, mchungaji Francis Gastrell, aliibomoa yote. Kabla ya hapo alishaukata mforosadi ambao watu waliamini Shakespeare aliupanda kwa mkono wake, alichoshwa na wageni wanaokuja kuuona. Leo pale ni bustani, wametengeneza alama chini zinazoonyesha nyumba ilikaaje.

Wengi wanasema hakuna cha kuona, hela bure. Mimi sikubaliani. Kaa kwenye benchi na hesabu miaka: alioa Novemba 1582 akiwa na miaka 18, mke wake Anne Hathaway 26 na tayari mjamzito. Susanna akazaliwa 1583, alafu mapacha Hamnet na Judith 1585. Baba yuko London kwenye michezo, mama na watoto wako huku. Agosti 1596 Hamnet akafariki, miaka 11. Mwaka unaofuata ndio baba ananunua hii nyumba kubwa, na mtoto wa kiume wa kumrithisha hayupo. Wazazi waliofanya kazi mbali na watoto wao, na tuko wengi huku, wataelewa kwa nini nasema kaa pale kwanza. Baba mdogo alikaa kimya muda mrefu, sikumharakisha.

Kama hela ni ya kubana, nyumba ya kuzaliwa lipia, hii unaweza kuichungulia kwa nje upande wa bustani kubwa ya nyuma.

Hatua ya 7: kanisa dogo na darasa

Vuka tu barabara, kona hiyohiyo, kuna Guild Chapel. Kuingia ni bure. Angalia juu ya tao, utaona mabaki ya picha ya siku ya hukumu. Picha za humu zilipakwa chokaa nchi ilipotoka kwenye Ukatoliki kwenda Uprotestanti, na hesabu za mji zinaonyesha malipo ya kazi hiyo yalifanyika John Shakespeare akiwa mtunza hazina. Chokaa ndiyo iliyozihifadhi.

Pembeni yake ni jengo la Guildhall, la tangu karibu 1420, na juu yake ndio darasa ambalo karibu wote wanakubaliana William alisoma. Rejista za wanafunzi za miaka hiyo hazipo, lakini mtoto wa kiongozi wa mji alikuwa na haki ya kusoma pale. Lina tiketi yake peke yake, tofauti na zile nyumba nyingine. Kwa wenye watoto lipieni hii, kuna mwalimu amevaa kizamani anafundisha Kilatini kidogo na watoto wanajaribu kuandika kwa unyoya. Wangu walishtuka kusikia kwamba fimbo ilikuwa ya kawaida, mimi na mama yao tukatazamana tu. Shule bado ipo na inafundisha mpaka leo, kwa hiyo angalia saa za kufungua.

Hatua ya 8: kula

Rudi kwenye kona ya New Place, fuata Chapel Lane, ndani ya dakika chache uko mtoni. Pale Bancroft Gardens kuna nyasi, mfereji wa boti na sanamu ya Shakespeare amezungukwa na wahusika wa michezo yake, Hamlet, Lady Macbeth, Falstaff na Prince Hal, iliyozinduliwa 1888. Tandika mkeka hapo. Hoteli za mtoni kiangazi zimejaa na bei iko juu, sisi tulibeba chapati, maharage ya nazi na kuku wa kukaanga kwenye hotipoti na tukala kifalme.

Ukitaka samaki na chipsi uliza kwanza wanakaangia nini, maeneo haya maduka mengine hutumia mafuta ya ng'ombe, kwa Mwislamu anayeangalia halali au asiyekula nyama ni muhimu kujua kabla ya kutoa oda. Na wale bata maji wakubwa weupe wenye shingo ndefu wazuri kwa macho tu, wakikuona na mkate wanakufuata, shika watoto.

Hatua ya 9: fuata mto mpaka kaburini

Ukiwa na mto upande wako wa kushoto, pita mbele ya ukumbi wa michezo, endelea na bustani za kando ya mto, mpaka uone mnara mrefu wa kanisa la Holy Trinity. Kuingia kanisani ni bure, kwenda mbele kwenye kaburi wanaomba mchango kidogo, toa bila kusita. Vaa kwa heshima, ongea chini, watu wanasali humu.

Alifariki 23 Aprili 1616, akazikwa siku mbili baadaye, kanisa lilelile alilobatizwa. Jiwe la kaburi halina jina. Lina mistari minne tu, inamwomba rafiki mwema kwa ajili ya Yesu asichimbe vumbi hili, abarikiwe atakayeyaacha mawe na alaaniwe atakayeihamisha mifupa. Ukutani kushoto kuna sanamu yake ameshika kalamu ya unyoya, ilikuwepo tayari kufikia 1623. Mke wake yuko pembeni yake, na Susanna na mumewe daktari John Hall nao wako hapohapo. Mjukuu wake Elizabeth alifariki 1670 bila mtoto na uzao ukakatika.

Nje kwenye makaburi, sehemu fulani isiyojulikana, ndipo alipo Hamnet. Sisi tulizunguka kidogo kwenye nyasi tukamwombea.

Hatua ya 10: vuka mto, alafu uamue

Ukirudi kuelekea ukumbi wa michezo utakuta kivuko kidogo kinachovutwa kwa mnyororo, mtu anazungusha kwa mkono, kipo tangu 1937. Nauli ndogo, beba chenji. Ng'ambo unatembea kwenye nyasi mpaka daraja la waenda kwa miguu, na pembeni unaona Clopton Bridge, matao 14 ya mawe, miaka zaidi ya 500 na magari bado yanapita juu. Hugh Clopton aliyelijenga ndiye pia aliyejenga ile nyumba ya New Place, kabla ya Shakespeare.

Sasa jioni una njia mbili, usijaribu zote. Ya kwanza ni Shottery, nyumba ya kwao Anne Hathaway, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu, paa la nyasi lililoshuka chini kama makuti na maua ya kiangazi kila upande. Ila uende mapema maana wanafunga jioni, kwa kweli ukitaka hii punguza muda wa kula.

Ya pili ni mchezo wenyewe. Royal Shakespeare Theatre ndio moyo wa mji, ukumbi wa zamani uliungua 1926, huu ukafunguliwa 1932 kwa ramani ya mbunifu mwanamke, Elisabeth Scott, na 2010 ukafunguliwa upya jukwaa likiwa limeingia katikati ya watu. Hapa 2012 mwongozaji Gregory Doran alileta Julius Caesar ikiwa kwenye nchi ya Kiafrika na waigizaji wote weusi, na 2016 Paapa Essiedu, mwenye asili ya Ghana, akawa Hamlet. Kata tiketi wiki kadhaa kabla, na kama kuna kijana wa miaka 14 mpaka 25 mnaongozana naye tafuta tiketi zao za bei ndogo. Kwa watu wa London mi nashauri onyesho la mchana, ambalo linaanza mapema mchana, kwa hiyo siku hiyo sogeza kaburi liwe baada ya mchezo au asubuhi mapema. Onyesho la usiku ni hatari, linaisha wakati treni za London zimekwisha au zimebaki za kuzungukazunguka, hapo lazima ulale.

Hatua ya 11: kurudi

Kabla hujatoka nyumbani piga picha ya skrini ya ratiba ya treni mbili za mwisho, mtandao pale stesheni unaweza kukusumbua. Zawadi nunua sasa, Henley Street ni njiani kurudi. Fika dakika 15 kabla, na tiketi usiitupe mpaka umefika kwako, treni ikichelewa nusu saa au zaidi unajaza fomu mtandaoni wanakurudishia sehemu ya hela. Sisi ilichelewa dakika 40, baba mdogo wala hakuona, alikuwa amerudi ukurasa wa kwanza wa Juliasi Kaizari.